Wifi Msasa na Ua Ndani ya Kaharabu

Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini kazini hakuna anayelijua. Wote wanamwita Msasa. Wengine wanasema ni kwa sababu ya kazi, maana mikono yake imesugua mawe na utomvu mgumu kwa miaka ishirini na mbili. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ulimi. Mwenyewe ukimuuliza anajibu, "Zamani msasa ulikuwa jani la mti. Mafundi seremala walilichuma porini wakasugulia mbao. Basi mimi ni jani, na nyie endeleeni kusema."

Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Akicheka anafunika mdomo kwa mgongo wa mkono, kwa sababu viganja vyake karibu kila saa vina tope. Hakuwahi kuzaa. Mume alikuwa naye, akafariki mapema, na tangu hapo anaishi nasi katika chumba cha mbele, kile chenye dirisha la kutazama barabarani. Asubuhi huamka kabla yetu sote, akafagia kizingiti, akachemsha maji, kisha akagonga mlango wetu na kusema, "Wenye ndoa, jua halina ndoa. Amkeni."

Anafanya kazi katika ghala la makumbusho. Si kule mbele wanakoingia watu na tiketi, bali nyuma, katika chumba kirefu chenye madirisha mawili, sinki mbili, meza moja ya mbao na rafu za chuma zilizofika darini. Kwenye kila rafu kuna trei, na kwenye kila trei kuna mawe. Mgeni akiingia huona mawe tu, akashangaa watu wazima wanalipwa kwa nini. Ila ukichukua moja ukaligeuza, unakuta jani. Mishipa yote ipo, ule mkubwa wa katikati na midogo inayotoka pembeni, na mahali mdudu alipotafuna pana tundu. Jani lilianguka kwenye tope siku moja ambayo hakukuwa na mtu duniani wa kuiita siku, tope likafunika, tope likawa jiwe. Vitu hivyo huitwa visukuku.

Najua haya kwa sababu wifi ndiye aliyeniombea kibarua pale. Mtoto wangu alikuwa na miezi saba, hajaota hata jino moja, na wifi alishamwita Kibogoyo. Alimwambia mkuu wa ghala kuwa anamjua mwanamke mwenye mikono mipole. Sikuwa nimejua kama ananihesabu hivyo. Asubuhi tatu kwa wiki nikawa naosha mawe ya majani kwa brashi laini, na Kibogoyo analala karibu na miguu yangu ndani ya sanduku la mbao la kubebea mawe, nimemtandikia shuka mbili.

Siku ya kwanza wifi alisimama nyuma yangu akitazama.

"Wifi, mbona unaliosha kama unaogopa litalia?"

"Si umesema lina miaka milioni nyingi?"

"Ndiyo. Limekaa chini ya ardhi miaka yote hiyo bila wewe kulibembeleza. Sugua. Ila usisugue jani, sugua tope. Vidole vitakuonyesha tofauti kati ya jani na tope."

"Vikikosea?"

Aligeuka akaenda kupanga trei, na mimi nikaona nimegusa mahali pasipoguswa.

Kisa chenyewe nilikijua kwa mume wangu. Miaka mitatu nyuma, kazi ya wifi haikuwa kuosha na kupanga. Alikuwa fundi wa meza. Alikuwa akisugua madonge ya utomvu wa kale, yale ya rangi ya asali, mpaka yawe bapa na maangavu, ili kilichonaswa ndani kionekane. Utomvu huo ukiwa wa kale kweli, umekaa ardhini mamilioni ya miaka ukakomaa, unaitwa kaharabu. Ukiwa mchanga, wa miaka mia kadhaa au elfu kadhaa, ni sandarusi, ile ile ambayo watu waliichimba zamani kutengenezea vanishi. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Ila kaharabu ukiifuta kwa spiriti haijali, na sandarusi ukiifuta kwa spiriti inalainika kama peremende iliyolambwa.

Siku moja lilikuja donge lenye jani dogo ndani yake na mdudu amekaa juu ya jani, miguu imekunjwa. Karani wa wakati ule aliandika kwenye kibandiko: kaharabu. Wifi alilisugua siku nne. Siku ya nne alihisi kitu. Donge lilipopata joto la kiganja lilinata kidogo, nalo lilinukia haraka mno, kama mti uliokatwa juzi. Mkono wake ulimwambia hii ni sandarusi. Lakini kibandiko kilisema kaharabu, na kibandiko kiliandikwa na mtu aliyesoma. Wifi aliishia shule ya msingi kama mimi. Akachukua pamba, akatia spiriti, akafuta.

Uso wa donge uliyeyuka, kisha ukakauka una nyufa kama utando wa buibui. Mdudu hakuonekana tena.

Hakufukuzwa. Hakuna hata aliyemgombeza sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyekusanya karatasi zake za msasa, akazifunga kwa uzi, akaziweka juu ya rafu ya mwisho ambayo haifikii bila ngazi. Tangu siku hiyo akaosha mawe na kupanga trei, na mtu akimletea donge, yeye akawa anasema, "Mpeni mwenye macho." Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka lilipofika donge kutoka mgodi wa makaa ya mawe.

Lililetwa na Daktari. Daktari wetu ni msichana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, miwani yake inashuka puani kila anapoinama. Ni daktari wa mimea iliyokufa zamani, lakini jirani yetu mmoja aliposikia kuna daktari ghalani alikuja na mgongo wake unaomuuma, akakaa kwenye benchi saa nzima. Daktari alitoka na jani la jiwe mkononi kumsalimia. Jirani akasema, "Mwanangu, mie sijafika huko bado." Mpaka leo wifi akilikumbuka hilo lazima akae chini.

Siku hiyo Daktari aliweka donge mezani juu ya kitambaa. Upana wake ulikuwa kama wa nusu ya yai, ile iliyochongoka, ila lilikuwa jembamba, upande mmoja umepasuka bapa na safi kama kioo, upande wa pili una ukungu na magamba.

"Mama, njoo uone," akamwambia wifi.

"Nina trei sita hazijapangwa."

"Mama. Kuna ua."

Wifi akaja, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika. Akainama. Mimi nami nikainama kutoka upande wangu. Kupitia ule uso safi niliona kitu kidogo kama punje ya mtama, kina vipande vitano, na kimetupa mgongo. Ua lilikuwa limetazama upande wa ukungu. Ili lionekane usoni, ndani kwenye chavua, ilibidi ule upande wa ukungu usuguliwe mpaka ubaki utandu mwembamba tu.

"Tuna majani ya mgodi ule trei arobaini," Daktari akasema. "Hatujawahi kupata ua. Hata moja. Kwa jani peke yake nabahatisha mti ulikuwa wa ukoo gani. Kwa ua sitabahatisha."

"Lipelekeni kwenye mashine."

"Mashine inapasha moto. Donge hili lina ufa pale, unauona? Litapasuka vipande viwili. Linataka mkono. Hapa ndani mkono ni wako."

"Mkono wangu ulishaua."

"Kilichoua ni kibandiko," akasema Daktari.

"Kibandiko hakina spiriti," wifi akajibu, akarudi kwenye trei zake.

Jioni ile nyumbani alikula kimya. Mume wangu akamtania, "Dada, leo ulimi umeuacha kazini?" Wifi alimchukua Kibogoyo, akampakata, akawa anamwangalia anavyotafuna ukosi wa gauni lake kwa ufizi. Baadaye nilipokuwa naosha vyombo alikuja akasimama na kitambaa cha kukaushia.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Katika miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kuniuliza naonaje. Nikaiweka sahani chini.

"Mimi sijui mambo ya kaharabu, wifi. Najua tu kwamba ukipita pale kwenye meza unapunguza mwendo."

Akacheka puani. "Una macho, wewe, umeyaficha kwenye upole." Kisha akasema polepole, "Nitalisugua. Ila sikiliza, nakwambia wewe usimwambie mdogo wangu. Safari hii nikiharibu, sirudi tena pale. Hata kuosha. Sitaki kuwa mama anayefagia mahali alipovunja."

Kesho yake alipanda ngazi mwenyewe akazishusha karatasi zake.

Kwanza alihakikisha. Hakutazama kibandiko. Alikoroga chumvi kwenye bakuli la maji mpaka maji yakawa mazito, akatumbukiza donge, likaelea. Hilo halikumtosha, maana sandarusi nayo huelea. Akalisugua kwa kitambaa cha sufu, akalisogeza karibu na vipande vya karatasi nilivyochana, navyo vikaruka vikanasa. Hilo pia halikumtosha. Akachukua pamba, akatia spiriti. Akagusa pembe moja tu, mbali na ua, kidogo kama kumfuta mtoto jicho. Akasubiri. Akaweka kidole. Pembe ilikuwa kavu na ngumu.

"Kaharabu," akasema, na pumzi aliyoitoa ilipeperusha vile vipande vya karatasi.

Daktari akafurahi, akasema hata jina lenyewe la kaharabu lilisafiri kutoka lugha za mbali, na maana yake ni kitu kinyakuacho makapi. Wifi akasema, "Basi kumbe ni kama mawifi," akanikonyeza.

Kisha vikaja vipimo. Daktari alipima unene wa donge zima kwa koleo la kupimia: milimita tisa. Akaliweka chini ya hadubini, uso safi juu, akazungusha kitufe mpaka uso wa donge ukaonekana sawasawa, akaendelea kuzungusha taratibu mpaka akafika ncha ya mwisho ya ua, ile iliyo ndani kabisa. Akasoma namba kwenye kitufe: milimita nne. Akaandika daftarini. Tisa toa nne, zimebaki tano kati ya ua na upande wa ukungu.

"Ondoa nne, mama. Acha moja ya usalama."

"Nne," wifi akarudia. Aliiandika kwa chaki ukingoni mwa meza.

Kazi yenyewe ilichukua siku tano, na siku tano hizo zilikuwa tulivu kuliko zote nilizokaa pale. Wifi alikaa karibu na dirisha, bakuli la maji mbele yake, karatasi ya msasa imelala juu ya kipande cha kioo. Analowesha, anasugua mizunguko kumi, anasuuza, anatazama. Mizunguko kumi mingine. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Chumba kikajaa harufu ndogo tamu, na Kibogoyo kwenye sanduku lake akawa analala usingizi mrefu ambao nyumbani hanipi.

Akishamaliza mizunguko alikuwa na jambo moja alilofanya ambalo Daktari hakulipenda. Alikuwa anakausha donge na kuligonga kwenye jino lake la mbele, taratibu, macho amefumba.

"Mama, mate yako yana asidi."

"Mate yangu yana adabu. Nasikiliza."

"Unasikia nini?"

"Palipojaa panasema *ti*. Penye uwazi panasema *to*. Kile kilichonaswa ndani hakijajaa, mwanangu. Kilishakauka kikaacha nafasi yake. Ni kama chungu kitupu ndani ya ukuta."

Daktari akatikisa kichwa akarudi kwenye hadubini yake. Lakini alikuwa mtu mzuri wa mazungumzo, na wifi akisugua yeye alituelezea mahali donge lilipotoka. Alitandaza mezani majani yangu niliyoyaosha. Tazameni kingo zake, akasema, hazina meno, ni laini pande zote. Tazameni ncha, imerefuka kama mdomo wa birika. Majani ya namna hii huota penye joto na mvua nyingi, na ile ncha ni ya kuchuruzishia maji ili jani lisiote ukungu. Kisha akatuonyesha jiwe moja lenye kombe dogo la chaza limelala juu kabisa ya jani. Chaza hakai maji matamu matupu, wala mti ule haukuota baharini. Kwa hiyo palikuwa mahali ambapo mto ulikuwa unakutana na maji ya chumvi, kinamasi kizito, miti mirefu imesimama kwenye tope, na tope halina hewa ndani, ndiyo maana kilichozama hakikuoza. Juu ya tabaka la majani, miti yenyewe ilianguka ikalundikana ikawa makaa ya mawe. Na ndani ya makaa hayo wachimbaji huokota kaharabu, hapa na pale.

"Na kwa nini mti utoe utomvu mwingi hivyo?" nikauliza. Nilikuwa nimezoea kunyamaza pale, nikashtuka kusikia sauti yangu.

"Jeraha," Daktari akasema. "Tawi limevunjika kwa upepo, mdudu ametoboa gome, moto umepita. Mti unaziba."

"Kwa hiyo ni kigaga," wifi akasema bila kuinua uso.

Daktari akamtazama. "Kigaga cha mti. Ndiyo, mama. Ni hicho hasa."

Nilikuwa na kidonda kidogo gotini siku zile, nilijikwaa nimembeba mtoto nikakubali kuumia mimi. Nikakitazama kigaga chake nikafikiri mti ule haukujua kwamba ua linapita. Ua lilianguka tu, labda la mti mwingine kabisa, likagusa mahali palipokuwa panauma, likashikwa.

Siku ya tano, karibu saa tano asubuhi, wifi alisimamisha mkono.

Alisuuza donge. Akalikausha. Akaligonga jinoni. Akakaa. Akaligonga tena, mahali pengine, kisha pale pale pa kwanza.

"Basi," akasema.

Daktari akaja na koleo lake, akapima. "Sita na nusu. Umeondoa mbili na nusu tu, mama. Bado moja na nusu."

"Basi, nimesema."

"Hapa juu bado pana magamba, sioni kitu. Ukiacha hapa ua halitaonekana uso. Ungeendelea kidogo kidogo..."

"Inasema *to*."

"Mama, nakuheshimu. Lakini tumepima. Zimebaki milimita mbili na nusu mpaka kwenye ua. Namba hiyo hapo." Akaonyesha daftari.

Nilimtazama wifi. Nilijua anachokiona. Kwa mara ya pili maishani mwake mkono ulikuwa unasema hivi na maandishi yanasema vile, na mwenye maandishi ni msomi, tena msomi anayempenda. Akisugua, likaharibika, ataweza kusema niliambiwa. Akikataa, ikawa amekosea, itakuwa ni woga wa mama mmoja aliyeharibu kitu zamani.

Alichukua karatasi ya msasa. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa aproni.

"Daktari, mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa na msasa hata kidogo, "mara ile nilisikia nikanyamaza. Leo nimesikia na nasema. Likitaka kusuguliwa zaidi, atalisugua mwingine, mimi nitoke kwanza nje. Mkono huu hausugui hapa."

Akaweka kiganja juu ya donge, kama unavyomfunika mtoto upepo.

Daktari alivuta pumzi, akalichukua daftari kwa hasira ya kimya kimya, ile ya watu wasiozoea kukasirika. "Nitakuonyesha, mama. Nitakuonyesha hesabu mstari kwa mstari." Akakaa kwenye kiti, akaanza kuandika upya, anaandika na kusema: "Unene wote, tisa. Kina cha ua kupitia uso safi, nne. Nne hii..."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Miwani ikashuka puani na hakuipandisha.

"Nne hii ni ya macho," akasema polepole. "Sikuizidisha."

"Hukuzidisha nini?" nikauliza.

Aliinuka akaja kwenye beseni langu. Jiwe lenye jani lilikuwa chini ya maji. "Liguse," akaniambia. Nikatia mkono, na mkono ukashuka zaidi ya nilivyodhani ndipo ukafika. Mama yeyote aliyemwogesha mtoto anajua hili bila kujua kwamba analijua: kilicho ndani ya maji hujifanya kiko karibu. Kaharabu hudanganya zaidi ya maji. Namba aliyoisoma kwenye hadubini ilipaswa kuongezwa nusu yake na zaidi kidogo, ndipo iwe kina cha kweli. Ua halikuwa milimita nne chini. Lilikuwa sita na ushei. Na donge lote sasa lilikuwa sita na nusu.

Daktari alinyoosha kidole chake kidogo, akatazama ukingo wa ukucha.

"Umeacha hivi," akamwambia wifi. "Umeacha unene wa ukucha."

Wifi hakufurahi kwa kelele. Alikaa chini, tena alikaa vibaya, kwenye ukingo wa ngazi, akaangalia mikono yake. Daktari akachuchumaa mbele yake.

"Nisamehe, mama. Ningelipoteza mimi, na ungelaumiwa wewe."

"Nisingelaumiwa. Ningejilaumu mwenyewe, sihitaji msaada." Akafuta uso kwa aproni. "Inuka huko, utachafua sketi. Hesabu nayo huteleza. Kuteleza si kuanguka."

Yale magamba yaliyokuwa yanaficha, Daktari aliyapaka tone la mafuta mazito maangavu, akafunika kwa kipande chembamba cha kioo, na ukungu ukaondoka kama pumzi kwenye dirisha. Hapakuhitajika kusugua tena. Akatazama kwenye hadubini muda mrefu sana. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Alikuwa anahesabu vijiti vinavyobeba chavua katikati ya ua.

"Njoo, mama. Wewe ndiye wa kwanza."

Wifi akatazama. Akanivuta mkono, akaniweka mahali pake.

Niliona ua. Sijui niseme nini zaidi. Lilikuwa limefunguka kabisa, petali tano, moja imekunjika pembeni kama ukurasa, na katikati vile vijiti kumi vimesimama, na juu ya kimoja kuna vumbi la chavua ambalo halikuwahi kwenda popote. Lilikuwa la asubuhi. Nilijua tu kwamba ni la asubuhi. Nyuma yangu Kibogoyo akaamka akaanza kunung'unika, na wifi akamtoa kwenye sanduku kabla sijageuka.

"Unaona nini?" Daktari akaniuliza.

"Kama limeanguka sasa hivi."

"Nitaweza kuujua mti wake," Daktari akasema, akiongea zaidi na daftari lake kuliko nasi. "Nitaweza kusema ni mti gani uliosimama pale kwenye tope." Halafu akafungua kabati, akatoa trei ndogo iliyofunikwa kitambaa, akaiweka mezani mbele ya kiti cha wifi. Madonge kumi na moja, yote ya mgodini. Nilitambua kwamba yalikuwa yamekaa humo kabatini kwa muda mrefu, yakimngoja mtu.

"Mama, tuanze kesho asubuhi? Nitapima mara mbili. Na wewe utagonga jino unavyotaka, sitasema neno."

Wifi alikuwa amempakata mtoto bega la kushoto, anampigapiga mgongo kwa kiganja chenye unga wa kaharabu. Akayatazama yale madonge moja moja. Akanyoosha mkono wa kulia akalichukua la pembeni, akalipima uzito, akalirudisha mahali pengine, si pale alipolitoa. Akawa ameshaanza kuyapanga kwa namna yake.

"Kesho nafua," akasema. "Kesho kutwa."